Maji Yaliyokaa Kimya

Mara ya kwanza nilipokitikisa kibati kile nilipigwa viboko kumi, na sikuweza kulalamika, kwa sababu nilikuwa nimekatazwa. Nilikuwa mtu mzima. Nilikuwa nimebeba mizigo hadi pwani mara mbili na kurudi kwa miguu. Shule ya misheni niliiacha mapema. Mimi nilikuwa na maswali na mwalimu alikuwa na fimbo. Tangu hapo nilikuwa nimepika, nimefua, nimechunga nyumbu wa mizigo, nimechimba mitaro ya boma, na kila kazi niliiacha siku nilipomaliza kuielewa. Lakini sikuwahi kuona kitu kinachokaa baridi juu ya rafu siku nzima kisha kinapata moto chenyewe, bila kuni.

Kibati kilikuwa cha Bwana Daktari, Mdachi, yaani Mjerumani, aliyekaa peke yake na askari wanane katika kituo kidogo karibu na Itungi, mahali ambapo mto Kiwira unaingia ziwani. Figo zake zilikuwa mbovu. Kibati kilikuwa bapa, kimepinda kidogo kufuata ubavu wa mtu, kimezibwa pande zote kwa risasi iliyoyeyushwa ili kisivuje. Kazi yangu ilikuwa kukichemsha kila asubuhi ndani ya sufuria. Kwanza kilikuwa kizito na kigumu kama tofali. Baada ya muda ungesikia ndani kitu kinacheza, kama asali kwenye kibuyu. Hapo nilikitoa, nikakiweka juu ya rafu, kikapoa kabisa. Maumivu yalipomshika, Bwana Daktari alikichukua, akakipiga kofi moja, akakifunga kiunoni kwa kitambaa. Kikawa cha moto hadi mchana.

Niliambiwa nisikitikise. Siku ya tatu nikakitikisa.

Kiliguruma kidogo mikononi mwangu, kama mchanga unaosagwa, kikaganda, na moto ukanijia vidoleni ghafla hata nikakiangusha. Shaushi alikuwa mlangoni. Huyu alikuwa mkubwa wa askari, mtu wa mbali sana, kutoka nchi za juu ya mto Nile, mrefu, mwenye makovu matatu kila shavu. Alikuwa ametuchomea nyumba mwaka uliotangulia, upande wa mama yangu, kodi ilipochelewa. Nyumba kumi na moja, na mzee mmoja aliyekuwa mgonjwa alikuwa bado ndani ya moja. Alinilaza juu ya pipa akanichapa mwenyewe. Alichapa bila hasira, kama mtu anayepura mpunga, na baada ya kila kiboko alingoja kidogo, ili maumivu ya kwanza yafike mwisho kabla hajaleta ya pili.

Nilipoinuka, damu ikinitiririka mapajani, nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Daktari.

"Samahani, Bwana. Moto ulikuwa umekaa wapi?"

Alicheka mpaka akashika figo zake.

Ndivyo nilivyofundishwa. Alikuwa na chupa nzima ya chumvi ile, nyeupe, inanuka siki kwa mbali. Alisema hutengenezwa kwa siki na magadi, na miaka mingi baadaye niliitengeneza mwenyewe kwa pombe ya ndizi iliyochacha, ingawa yangu ilikuwa na rangi ya matope. Aliiyeyusha kwa maji kidogo ya moto ndani ya bilauri, akaifunika, akaiacha ipoe. Ilikuwa maji safi kabisa. Kisha akachukua punje moja ya chumvi ileile kwa ncha ya sindano, akagusisha juu. Pale pale pakachanua ua jeupe, likashuka chini upesi kuliko macho, na bilauri yote ikawa jiwe. Aliniambia niishike. Ilikuwa ya moto kama uji uliotoka jikoni punde.

Siku nyingine alimimina maji hayo polepole juu ya sahani yenye punje moja, yakawa yanaganda kadiri yanavyodondoka, mpaka kikasimama kichuguu cheupe. Alinionyesha pia sanduku lake la mbao. Ng'ombe wa bonde zima walikuwa wanakufa, na ndani ya sanduku aliweka vichupa vya damu yao na kibati kingine chini yake, ili damu idhani bado iko ndani ya ng'ombe. Kwao, alisema, wanawake huweka vibati hivi chini ya miguu wakisafiri kwenye gari la moshi. Nilimuuliza gari la moshi lina baridi gani, maana lina moto wake.

"Maji haya yanataka kuwa jiwe," alisema, "lakini yamesahau namna. Punje moja inayakumbusha. Basi."

Shaushi alikuwa amesimama dirishani siku ile, anatazama. Sikumjali.

Sasa niseme habari ya mjomba wangu.

Ndugu huyu wa mama alikuwa na mtumbwi mlangoni mwa mto, anavusha watu. Nyumba yake ilikuwa upande wa Ngana, lakini miezi ya mafuriko alikaa mtoni. Mkewe alikuwa Mkisi, wa kabila la watu wa ziwani, mfinyanzi, na mtumbwi uleule uliovusha watu ndio uliobeba vyungu vyake. Asubuhi moja shaushi alifika na askari mmoja aliyetumwa ng'ambo kudai kodi. Askari akapanda na bunduki yake. Shaushi alibaki ukingoni. Katikati ya mto mtumbwi ulipinduka. Mjomba aliogelea. Askari alikuwa na mkanda wa risasi na viatu. Alitokeza mara mbili, na mara ya pili mamba alikuwa ameshamshika nyonga. Shaushi alimpiga mamba risasi nne na hakumpata. Baadaye ulipatikana mguu mmoja kwenye matete, ndani ya kiatu chake.

Shaushi alisema aliona kwa macho yake mvushaji akiutikisa mtumbwi kusudi. Mjomba alisema askari alisimama wima kumpiga bata. Shahidi wa tatu hakuwepo. Mkubwa wa boma la milimani angeshuka baada ya siku nne, na kila mtu alijua angeuliza swali moja tu na kumwuliza shaushi. Kamba ya kunyongea ilikuwa tayari kituoni. Mimi ndiye niliyeambiwa niipake mafuta.

Nilimkuta mjomba katika ghala, mnyororo shingoni, amefungwa kwenye nguzo. Walikuwa wamempiga kwa vitako vya bunduki. Upande wa kushoto mbavu zilikuwa zimeingia ndani, na kila alipovuta pumzi alisimama katikati. Mikono ilikuwa imevimba kwa kamba.

"Ugonile, mjomba."

"Ugonile, mwipwa. Naona wamekupa kazi nzuri. Unanukia mafuta."

"Ni ya kamba yako."

"Ipake vizuri basi. Shingo yangu ina ngozi laini, muulize mke wangu."

Nilimnywesha maji. Mengi yalitoka na damu.

"Mjomba, ulimpindua?"

Alifumba macho. "Wewe alikuchapa ngapi, yule mkubwa wao?"

"Kumi."

"Ungekuwa naye, au na askari wake, katikati ya mto, na kafi moja mkononi, ungefanya nini?"

Mpaka leo sijui kama alimpindua, wala sikumwuliza tena.

"Wangetuacha tu na mwafi wetu," alisema. "Ningekunywa mimi, angekunywa yeye, yakaisha."

Mwafi ni dawa ya kale ya kwetu, ya magome. Mshitaki na mshitakiwa walikunywa wote wawili mbele ya watu. Aliyetapika alikuwa safi, wanawake wakampa maziwa na kumwimbia. Ambaye tumbo lake lilikaa kimya, akabaki na dawa ndani, huyo ndiye mwenye hatia, ndiye mchawi. Boma lilikuwa limepiga marufuku mwafi tangu Wadachi walipofika, na aliyekamatwa nao alichapwa. Mimi niliyasikia maneno ya mjomba kama mtu anavyosikia habari za babu. Nilikuwa nimetembea sana. Niliona mambo hayo yamekufa.

Kesho yake Bwana Daktari aliniita. Alikuwa amelala chali na kibati tumboni.

"Mkubwa akija atamnyonga mtu yule," alisema. "Shaushi anasema uongo, nadhani. Au mvushaji anasema uongo. Sisi tutatazama kisayansi."

Mpango wake ulikuwa huu. Bilauri mbili za maji ya chumvi, mbele ya watu wote. Angesema maji yanamjua mwongo, basi, asiseme namna gani. Kila mmoja angetia kidole. Maji hayangefanya lolote, yangebaki maji. Yeye alitaka tu kutazama nyuso. Mwongo angesita.

"Maji yawe safi sana," aliniambia. "Hata vumbi lisiingie. Wanawe mikono kwanza, wafute kwa kitambaa kipya."

Sijui shaushi alisikiaje, lakini alisikia. Alinikuta nyuma ya jiko nikichuja maji. Akaokota kitambaa nilichofutia chumvi iliyomwagika siku zilizopita. Kilikuwa kimekauka, kigumu, kimejaa unga mweupe.

"Wewe ni mtoto wa dada yake."

"Ndiyo, shaushi."

"Usitetemeke, mimi napenda watu wenye ndugu. Mtu mwenye ndugu anajua kuchagua." Alikisugua kitambaa kile mpaka kikalainika, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya kingine kipya kilichokunjwa mara mbili. "Hiki cha mikunjo minne ni cha mjomba wako. Maji yatakuwa jiwe kwake, na Mdachi ataona mwenyewe. Yakibaki maji, nitakulaza juu ya pipa lile lile, na safari hii sitahesabu. Umefahamu?"

"Nimefahamu."

"Rudia."

"Mikunjo minne ni ya mjomba."

Akanipigapiga begani, akaenda.

Nilikaa pale na vitambaa viwili magotini. Kisha nikakikunjua cha chumvi nikakikunja mara mbili, na kipya nikakikunja mara nne. Nilicheka peke yangu. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Sikuwahi kufurahi namna ile maishani.

Ngoma ilipigwa, watu wakaja kutoka vijiji vyote vya karibu, na kutoka Ngana walikuja wanaume wa kijiji cha mjomba. Malafyale wao, yaani mtawala, aliketi kwenye kigoda chake. Kwetu wanaume wa rika moja hujenga pamoja, wazee mahali pao na vijana mahali pao, kwa hiyo wale waliokuja walikuwa wamechunga ng'ombe pamoja na mjomba tangu hawajaota meno ya pili. Walisimama kundi moja. Bilauri mbili zilikuwa juu ya meza barazani, zimefunikwa kwa vipande vya jani la mgomba. Niliwaona watu wakizitazama zile bilauri mbili, moja ya mshitaki na moja ya mshitakiwa. Niliona midomo ya wazee ikisogea. Nilidhani wanashangaa vioo.

Bwana Daktari alisema maneno yake kwa Kiswahili, na mkalimani akayaweka katika Kinyakyusa: maji haya yanamjua mwongo, nayo yatamwonyesha.

Nilimmiminia shaushi maji ya kunawa. Macho yake yalikuwa juu ya mjomba. Nikampa kitambaa cha mikunjo miwili. Alijifuta vizuri, kila kidole, kama mtu anayejiandaa kula. Kisha nikainama kwa mjomba. Mikono yake haikufunguka sawasawa; niliiosha mimi, nikaifuta kwa kitambaa cha mikunjo minne.

"Usiogope," nilimnong'oneza. "Yako yatabaki maji."

Alinigeuzia uso. "Yatabaki?"

"Kimya kabisa."

Alitaka kusema neno. Askari akamvuta kwa mnyororo.

Walitia vidole pamoja. Katika bilauri ya mjomba hakikutokea kitu. Katika bilauri ya shaushi ua jeupe lilichanua kuzunguka kidole chake, likashuka, na maji yakawa jiwe, kidole kikiwa ndani. Alipiga yowe, si kwa maumivu sana, ni kwa moto kumjia mahali ambapo hakuutegemea. Alipokivuta kidole, bilauri ilimfuata, ikaanguka, ikapasuka, na donge jeupe likabiringika barazani likitoa mvuke kidogo. Watu wote walirudi nyuma hatua moja. Sauti iliyotoka kwao ilikuwa ya chini, ndefu. Mimi niliisikia kama sauti ya ushindi.

Bwana Daktari hakucheka. Alimshika shaushi mkono, akaunusa, akausogeza kwenye jua. Chumvi ilikuwa bado iko kwenye mistari ya kiganja.

"Umeingia kwenye chumba changu," alisema. "Umeshika chumvi yangu. Ulitaka kuchezea maji."

Shaushi alinitazama. Angeweza kusema. Lakini angesema nini? Kwamba mtumishi amebadilisha kitambaa cha chumvi alichomwamuru ampe mjomba? Alifunga mdomo.

Alilazwa juu ya pipa. Askari wake mwenyewe ndio waliomchapa, wawili kwa zamu, ishirini na tano, na kwa kuwa walimwogopa walichapa kwa nguvu zote ili yaishe upesi, asije akasema walichapa polepole kwa kufurahia. Mgongo ulifunguka baada ya kumi. Baada ya kumi na saba mmoja wao alitapika kando akaendelea. Bwana Daktari alimwambia mkalimani awaeleze watu sababu, na mkalimani akasema kwa sauti: "Anachapwa kwa kuiba chumvi ya Bwana." Ndiyo yote aliyosema. Mimi nilikuwa karibu, nilimsikia, na bado sikufahamu.

Kisha walimfungua mjomba mnyororo. Rika lake halikumfuata. Walimpisha, wakaacha nafasi pana kuliko anayohitaji mtu mmoja.

Nilipogeuka niliona kitu kingine. Wanawake watatu wa kwetu walikuwa wamepiga magoti kando ya shaushi, yule aliyetuchomea nyumba. Mmoja alimshika kichwa, mmoja akamnywesha maziwa ya mgando kwa kibuyu. Nilijiambia: wanawake wana huruma mno.

Nilimsindikiza mjomba hadi kwenye njia. Alitembea ameshika mbavu.

"Mwipwa, yangu yalikaa kimya," alisema.

"Nilikuambia."

"Yake yalitoka."

"Yalitoka, na ngozi yake pia ilitoka. Umeona?"

Alisimama avute pumzi. Alinitazama kama unavyomtazama mgeni anayeuliza njia huku amesimama juu yake. "Ndaga," alisema, asante, na akaenda zake kuelekea Ngana.

Nilingoja siku mbili. Shaushi alikuwa amepelekwa milimani juu ya machela. Asubuhi ya tatu nilikichemsha kibati, nikakiacha kipoe, na Bwana Daktari alipokuwa anatapika nyuma ya nyumba nikakitia katika kikapu chenye majani laini, nikaondoka. Nilitaka kumfunga mjomba ubavuni. Maumivu ya mbavu nayajua. Nilitembea njia yote ya Ngana kama mtu mwenye mayai kichwani, nikipita vijito polepole, nikiogopa kujikwaa, kwa sababu kujikwaa mara moja kungemaliza moto wote njiani. Kilifika kikiwa maji. Nilijiona fundi.

Migomba ya mjomba ilikuwa imekatwa yote. Si kwa kuvuna. Ilikatwa kiunoni, mibichi, na utomvu ulikuwa bado unadondoka. Paa lilikuwa limechomwa. Zizi lilikuwa wazi. Mke wa mjomba alikuwa ameketi chini katikati ya vyungu vyake vilivyovunjwa, na mbele yake palikuwa na mkeka, na chini ya mkeka miguu ya mjomba.

"Ugonile, mama," nilisema.

Alinieleza bila kulia. Walikuja jana asubuhi, wote, wa rika lake. Walisema mwafi umerudi, Mdachi mwenyewe ameuleta. Maji ya shaushi yalitapika mbele ya malafyale, na ya mumewe yalikaa naye. Wakasema yule askari aliliwa na mamba kwa sababu mamba alitumwa. Wakasema ni mchawi mkubwa sana, maana amemgeuza hata Mdachi akamwachia mwenye hatia na kumchapa mtu safi kwa habari ya chumvi. Mjomba alitoka nje mwenyewe. Aliwaita kwa majina yao ya utotoni. Walimpiga kwa marungu, na walianza na mbavu zilizokwisha vunjika. Jirani yake wa karibu, waliyekabili naye simba walipokuwa wachungaji, ndiye aliyeanza. Ilichukua muda. Watoto yeye mke alikuwa amewatorosha kwa Wakisi wenzake ziwani.

"Wamesema mchawi hazikwi," alisema. "Jua likishuka watamvuta mtoni kwa mamba wake."

Nilifunua mkeka. Nilimjua kwa mikono tu, kwa ule uvimbe wa kamba.

"Wewe ndiye uliyeyashika maji," alisema mke wa mjomba. "Watu wamesema. Ulimwosha mikono wewe."

"Mimi."

"Kwa nini hukuyafanya yake yatapike?"

Nilimweleza. Nilimweleza punje, kitambaa, mikunjo, na kwamba kama maji ya mjomba yangekuwa jiwe Mdachi angemnyonga. Nilisema mengi. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. Nikaona maneno hayasaidii, nikakitoa kibati kikapuni, nikamwekea mikononi kikiwa baridi, nikakipiga kofi.

Kiliguruma. Kikawa kizito. Alikishika bila kukiachia hata moto ulipokuja. Mikono yake ilikuwa ya mtu anayetoa vyungu motoni. Alikisogeza shavuni.

"Sasa kinatapika," alisema.

Kisha akauliza, "Moto huu unakaa muda gani?"

"Mpaka jua lifike pale." Nilimwonyesha juu ya mlima. "Lakini unapungua njiani."

"Nyumba za rika lake ziko kumi na tisa," alisema, akasimama.

Alikivingirisha katika kitambaa cha mumewe chenye damu, akaanza nyumba ya kwanza. Nilimfuata kwa mbali. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni, akamwita mwanamume kwa heshima, akasema, "Tata, kilichokaa kwa mume wangu kimetoka leo. Kilichelewa. Shika." Wa kwanza alirudi nyuma. Alimfuata ndani mpaka ukutani, akauchukua mkono wake akauweka juu ya kibati. Mwanamume alishtuka, akatazama kitambaa, akatazama uso wa yule mama, akakaa chini. Wa pili alikishika mwenyewe. Wa tatu alitaka kumpiga kwa rungu, na rungu lilikuwa bado na nywele. Aliliinua, na yule mama akamnyooshea kibati kifuani, kikamgusa ngozi, naye akalishusha. Nyumba ya saba walikuwa wanakula nyama ya ng'ombe wa mjomba. Walikishika kwa vidole vyenye mafuta, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyemaliza chakula.

Mimi nilikuwa nalitazama jua. Kufikia nyumba ya kumi na mbili hakuna aliyeshtuka tena, walikuwa wanahisi joto tu. Kufikia ya kumi na sita nilijua kinapoa, nikasogea karibu naye.

Ya kumi na tisa ilikuwa ya yule jirani. Alikuwa ameketi nje, amenyoa kichwa. Mikono yake ilikuwa haijaoshwa. Yule mama alisimama mbele yake.

"Tata, kimetoka kwa rafiki yako. Shika."

Alikipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa nimesogea karibu, nami niliona vidole vyake vikitafuta. Kilikuwa kimebaki na joto la kwapa tu, joto ambalo hata jiwe lililokaa juani linalo. Alikishika muda mrefu kuliko wote. Alimtazama yule mama, naye hakuinamisha macho.

"Cha moto," alisema jirani.

Aliingia ndani, akatoka na jembe. Alitangulia njiani, na tulipopita wengine walikuwa wamesimama milangoni na majembe yao. Walichimba nyuma ya nyumba iliyoungua, kati ya visiki vya migomba, bila kutazamana. Waliomvunja ndio waliomshusha.

Sikurudi kituoni. Mgongo wangu ungelipa, na kibati sikuwa nacho. Mke wa mjomba aliingia nacho kaburini kabla hawajafukia, akakiweka ubavu wa kushoto, juu ya mbavu zilizoingia ndani. Kilimkaa vizuri, kwa kuwa kilikuwa kimetengenezwa kufuata ubavu wa mtu.